Jinsi ya kutengeneza mabamba ya kuhifadhi joto kwa nta ya nyuki na plastiki ya madumu

Mtu aliyelelewa pwani anaijua vizuri chupa ya mafuta ya nazi. Asubuhi ya Julai, upepo wa kusi ukiwa umeipoza nyumba usiku kucha, mafuta huwa yameganda meupe kama samli na hayamiminiki. Jua likishapanda yanaanza kulegea pembeni mwa chupa, na kabla ya adhuhuri yamekuwa maji. Ukitumbukiza kipimajoto wakati yanayeyuka, utaona jambo linalostahili kuangaliwa kwa makini: chumba kinazidi kupata joto, lakini mafuta yanabaki karibu na nyuzi 24 au 25 za Selsiasi mpaka kipande cha mwisho cha mgando kiishe. Joto lililoingia muda wote huo halikupotea. Limetumika kuulegeza mgando, na mafuta yatakapoganda tena litatoka. Hilo ndilo joto fiche, na ndilo msingi wa kazi nitakayoieleza hapa.

Mwongozo huu unaonyesha namna ya kutengeneza bamba gumu linalobeba joto fiche la nta ya nyuki ndani ya polima (kitu kama plastiki, chenye molekuli zilizoungana kuwa minyororo mirefu) iliyokwisha kutumika, yaani polithini nzito ya madumu ya mafuta ya kupikia. Bamba hilo hutumika kutunza joto la chakula kilichokwisha kuiva, ndani ya kikapu au boksi lililozibwa vizuri. Nimechagua kazi hii kwa sababu vifaa vyake vinapatikana sokoni, na kwa sababu mtu anaweza kuipima mwenyewe kwa kipimajoto, mizani na saa.

Anza na nyuzi, si na vifaa

Kosa linalowapotezea watu fedha na muda ni kuchagua kitu cha kuhifadhi joto kabla ya kujua joto linalotakiwa. Kitu kinachoyeyuka huwa na faida yake kubwa pale tu ambapo nyuzi zake za kuyeyuka zinalingana na kazi iliyopo. Mafuta ya nazi yanaweza kusaidia kutuliza joto la chumba mahali kama Iringa au Arusha, ambako usiku hupoa vya kutosha kuyagandisha. Lakini katika chumba cha Dar es Salaam mwezi Februari hayatagandika kamwe, na kitu kisichoganda hakina joto fiche la kutoa. Asidi ya loriki, ambayo ni sehemu kubwa ya mafuta hayohayo ya nazi ikitengwa peke yake, huyeyuka karibu nyuzi 44. Polietilini glaikoli, ambayo yenyewe ni polima, huyeyuka mahali tofauti kulingana na urefu wa minyororo yake: ile inayouzwa kwa namba 1000 huyeyuka chini kidogo ya nyuzi 40, na ile ya namba 6000 karibu nyuzi 60. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi 62 na 64. Asidi ya stiariki safi huyeyuka karibu nyuzi 69.

Kwa chakula, namba ya kuzingatia ni 60. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kitunzwe juu ya nyuzi 60 mpaka kinapoliwa, kwa sababu chini ya hapo vijidudu huanza kupata nafasi ya kuzaliana. Ndiyo maana nta ya nyuki inafaa kufikiriwa: inaanza kutoa joto lake fiche juu kidogo ya mpaka huo.

Hata hivyo ni lazima niseme wazi mahali ambapo bamba halina faida. Kilo moja ya maji ikipoa kutoka nyuzi 90 hadi 30 hutoa takriban kilojuli 250 (kilojuli ni kipimo cha kiasi cha joto). Kilo moja ya bamba la mwongozo huu, ikipoa kwa kiasi hichohicho, hutoa karibu kiasi hichohicho, na maji hayana gharama wala kazi ya kutengeneza. Kwa hiyo ikiwa unataka tu maji ya kuoga yabaki na uvuguvugu mpaka jioni, chukua pipa la maji ulifunike vizuri. Bamba linaonyesha nguvu yake katika nafasi finyu: kati ya nyuzi 65 na 55 kilo moja ya maji hutoa kilojuli 42 tu, ilhali bamba hutoa takriban 140, yaani zaidi ya mara tatu.

Kwa nini polima

Nta iliyoyeyuka hutiririka, na hutafuta kila upenyo. Ukiiweka ndani ya kopo lililofungwa, hupanuka kwa takriban sehemu moja ya kumi ya ujazo wake kila inapoyeyuka, ikasukuma mshono wa kopo mpaka siku moja uachie. Polima ndiyo inayoizuia. Polithini nzito huyeyuka karibu nyuzi 130, mbali sana juu ya nta; zikiyeyushwa pamoja na kuachwa zipoe, polithini hutangulia kuganda na kufanya wavu mwembamba ambao nta hunaswa ndani yake. Baadaye bamba likipashwa hadi nyuzi 80, nta inayeyuka lakini wavu unabaki mgumu, na bamba halipotezi umbo lake.

Historia ya hifadhi ya joto ina funzo linalohusu jambo hili. Mwaka 1948 mwanasayansi Mária Telkes, mzaliwa wa Hungaria aliyefanya kazi Marekani, alisimamia nyumba ya kupashwa joto na jua iliyojengwa Dover, Massachusetts, ikiwa na mapipa ya chumvi ya Glauber, yaani salfeti ya sodiamu iliyoshikana na maji, inayoyeyuka karibu nyuzi 32. Nyumba ilipata joto lake vizuri mwanzoni, lakini baada ya majira machache ya baridi chumvi ilijitenga: sehemu nzito ikazama chini na haikuungana tena na maji yake. Leo chumvi za aina hiyo huchanganywa na polima zinazofanya ute mzito, kwa mfano zile zinazotokana na selulosi, ili chembe zisizame. Polima katika kazi hii hutoa joto kidogo, lakini bila hiyo kitu kinachotoa joto hakikai mahali pake.

Nitasema pia neno kuhusu uendelevu, kwa sababu hutumiwa ovyo. Wengi hudhani polima endelevu ni ile inayooza upesi. Bamba linalotakiwa kuyeyuka na kuganda mamia ya mara, tena katika mvuke wa jikoni, halipaswi kuoza. Kwangu mimi, uendelevu wa bamba hili uko katika mambo mengine: nta inatoka kwenye mzinga na itapatikana tena msimu ujao, polithini imeokotwa ikiwa tayari ni taka, na siku bamba litakapovunjika, vyote viwili vinayeyushwa upya na kumiminwa tena.

Kupata na kupima polithini

Madumu ya manjano ya mafuta ya kupikia kwa kawaida ni polithini nzito. Tazama chini ya dumu: alama ya pembetatu yenye namba 2 ndiyo unayoitaka. Namba 3 ni PVC, plastiki ya mabomba ya maji, na ikipashwa moto hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu. Hiyo isikaribie jiko lako hata kipande kimoja. Chupa za maji, zenye namba 1, haziyeyuki katika joto la kazi hii. Kama alama imefutika, kata kipande kidogo ukitumbukize katika maji yenye tone la sabuni: polithini huelea, namba 1 na namba 3 huzama. Polipropilini, yenye namba 5, nayo huelea, lakini haitayeyuka mpaka upite nyuzi 160, kwa hiyo utaitambua sufuriani kama vipande vinavyokataa kulainika, na utaviopoa kwa kijiko chenye matundu.

Usitumie dumu lililowahi kubeba dawa ya kuua wadudu, dizeli, au kitu usichokijua.

Osha dumu kwa maji ya moto na sabuni mpaka utelezi wa mafuta uishe, likaushe juani, kisha ulikate vipande vyembamba kadiri uwezavyo. Mimi hutumia randa ya seremala: dumu likikatwa kuwa bapa na kubanwa mezani, randa hutoa maranda membamba kama ganda la kitunguu. Kazi hii inachosha, lakini usiifupishe. Plastiki ya madumu ina minyororo mirefu na huyeyuka polepole. Kipande kinene kitabaki kama gundi katikati ya nta kwa nusu saa huku nta yenyewe inaungua.

Kupata na kupima nta

Nta inauzwa na wafugaji wa nyuki na wafanyabiashara wa asali. Kwa Tanzania, Tabora, Katavi na Singida ni mikoa inayojulikana kwa kazi hiyo, na Kenya kuna Kitui na Baringo. Ugumu wake ni kwamba nta huchanganywa na mafuta ya taa mgando yanayotumika kutengenezea mishumaa, au na mafuta ya mnyama, na macho hayatoshi kuligundua hilo. Niliwahi kununua kilo tano za nta yenye rangi nzuri ya dhahabu na harufu ya asali, nikatengeneza mabamba yote, na ndipo nikaona kwamba yanaganda karibu na nyuzi 54. Mabamba yalikuwa mazima, ila hayakufaa kwa chakula. Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kupima.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Yeyusha gramu 50 za nta ndani ya kopo dogo lililokaa kwenye maji ya moto, mpaka ifike nyuzi 80. Toa kopo, lizungushie kitambaa ili lisipoe haraka, weka ncha ya kipimajoto katikati ya nta bila kugusa chini, na andika nyuzi kila baada ya dakika moja. Mwanzoni namba zitashuka kwa haraka: 80, 77, 75, 72. Kisha zitaanza kusita. Utaona ukungu mweupe ukianzia ukingoni mwa kopo na kusogea kuelekea katikati, na kwa muda wa dakika kadhaa kipimajoto kitatambaa taratibu sana, kabla ya kuanza tena kushuka. Mahali kiliposita ndipo nta yako inapotoa joto lake fiche. Nta nzuri husita juu kidogo au karibu kabisa na nyuzi 60. Kumbuka kwamba nta ni mchanganyiko wa vitu vingi kwa asili yake, kwa hiyo haitulii kwenye namba moja kama maji yanayoganda, na sehemu ya joto lake hutoka chini ya nyuzi 60. Tutalizingatia hilo tutakapokokotoa uzito.

Kuyeyusha na kumimina

Kazi hii ifanyike nje au chini ya paa lililo wazi pande zote, juu ya jiko la umeme lenye kidhibiti joto. Nta ya moto si kitu cha kuweka juu ya kuni, mkaa au gesi, kwa sababu mvuke wake ukikutana na mwali hushika moto. Vaa glavu nene, mikono mirefu na viatu vya kufunika mguu, watoto wakae mbali, na mfuniko wa sufuria uwe karibu na mkono wako. Nta ikishika moto, funika na zima jiko. Usimwage maji hata kidogo, kwani maji hugeuka mvuke ghafla chini ya nta na kuirusha kila upande.

Kwa bamba moja la kilo, pima gramu 700 za nta na gramu 300 za maranda ya polithini. Yeyusha nta kwanza, taratibu. Ikikaribia nyuzi 100 tazama kama inatoa povu: povu ni maji yaliyobaki ndani yake, na ni lazima uyaache yatoke kwa moto mdogo mpaka uso utulie, la sivyo sufuria itafurika. Panda hadi nyuzi 140, kisha anza kutia maranda kiganja kimoja kimoja, ukikoroga kwa mwiko wa mbao uliokauka. Usivuke nyuzi 155. Mwanzoni maranda yataelea na kujikunja. Baadaye yatakuwa angavu kama ute wa yai, na mwisho yatapotea. Mchanganyiko utakuwa mzito mithili ya uji wa ulezi, utadondoka mwikoni kwa uzi mrefu usiokatika. Rangi ya nta itakuwa imeingia weusi kidogo. Hiyo ni athari ya joto, na kwa kuhifadhi joto haina madhara makubwa, lakini usiache sufuria jikoni bila sababu.

Wakati huo kalibu lako liwe tayari: trei ya bati yenye urefu wa sentimita 25, upana wa 21 na kina cha sentimita 2.5, iliyopakwa mafuta kidogo. Mimina mpaka kina cha sentimita 2 tu. Unene huu una sababu. Nta na polithini hupitisha joto kwa shida, na muda wa kuyeyusha bamba lote huongezeka kwa mraba wa unene: bamba lenye unene maradufu huhitaji takriban mara nne ya muda. Mabamba matatu membamba ni bora kuliko tofali moja nene ambalo katikati yake halijawahi kuyeyuka.

Kuna msaada mmoja zaidi ambao unastahili kazi yake. Alumini hupitisha joto takriban mara elfu moja kuliko nta. Chukua makopo ya soda ya alumini, yakate vipande virefu vyenye upana wa sentimita 2, ondoa ncha kali kwa msasa, na vichomeke vikisimama wima ndani ya kalibu mara tu baada ya kumimina, kwa nafasi ya vidole viwili. Vitakuwa kama mishipa inayoingiza joto ndani na kulitoa nje. Unga wa mkaa wa vifuu, ambao wengine huupendekeza, nimeona unasaidia kidogo tu. Grafiti ni bora kuliko mkaa, ila bei yake haiendani na kazi ya nyumbani.

Acha bamba lipoe lenyewe, bila maji wala feni, ili polithini ipate muda wa kufunga wavu wake sawasawa.

Jaribio la kuvuja

Pima bamba kwa mizani na uandike uzito wake. Liweke juu ya karatasi za gazeti ndani ya boksi lenye joto la nyuzi 75 hadi 80 kwa saa moja, litoe, liache ligande, kisha rudia mara kumi kwa siku kadhaa. Doa dogo la nta kwenye gazeti katika mara mbili za kwanza ni la kawaida, kwa sababu nta iliyo usoni kabisa haikushikwa na wavu. Likiendelea kutoka doa baada ya hapo, au uzito ukipungua kwa zaidi ya gramu 1 katika kila gramu 100, ujue polithini haikutosha au haikuyeyuka yote. Yeyusha upya, ongeza gramu 50 za maranda, jaribu tena.

Kukokotoa uzito na kutumia

Kwanza ujue kikapu chako kinapoteza joto kiasi gani. Tia lita 3 za maji yenye nyuzi 66 katika sufuria unayoitumia, ifunike, iweke kikapuni na kufunga kama kawaida, kisha pima baada ya saa moja. Tuseme umekuta nyuzi 61. Lita 3 mara nyuzi 5 mara 4.18 (kilojuli ambazo kila lita ya maji hutoa ikipoa kwa nyuzi moja) ni takriban kilojuli 63, na hicho ndicho kikapu chako kinachopoteza kila saa. Ukitaka saa nne za ulinzi unahitaji kama kilojuli 250. Joto fiche la nta hutofautiana kati ya nta na nta, lakini kilojuli 170 kwa kilo ni makadirio ninayoyafanyia kazi, na kwa kuwa nta ni asilimia 70 ya bamba, kilo moja ya bamba ina takriban 120. Hesabu inataka kilo 2.1. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya joto linalotoka chini ya nyuzi 60, na utapata karibu kilo 3, yaani mabamba matatu. Ikiwa kikapu kinapoteza zaidi ya hapo, usikimbilie kuongeza mabamba. Ongeza kwanza maranda ya mbao, pumba kavu au mabaki ya nguo katika kuta zake, kwa sababu kuzuia joto lisitoke ni rahisi kuliko kulibeba.

Ili kulipasha, tia kila bamba ndani ya boksi bapa la bati lililotengenezwa na fundi, uache nafasi ndogo juu kwa ajili ya kupanuka, kisha ulitumbukize katika maji ya nyuzi 80 hadi 90. Bamba ni jepesi kuliko maji na litaelea, kwa hiyo weka jiwe safi juu yake. Jiko la jua la boksi nalo linafaa, mradi uweke kipimajoto ndani na kulifungua kidogo likipita nyuzi 100, maana majiko hayo yanaweza kupanda mpaka polithini yenyewe ikalainika. Bamba moja likae chini ya sufuria, la pili juu ya mfuniko, la tatu ubavuni, yote yakigusa sufuria. Chakula kiingie kikiwa cha moto kabisa, kwani bamba hutunza joto, halipiki. Plastiki iliyorejelezwa isiguse chakula kwa hali yoyote, na kabla ya kumpakulia mtu yeyote chakula kilichokaa saa nyingi, chomeka kipimajoto katikati ya chungu.

Kila bamba liandike uzito wake wa kwanza kwa msumari juu ya bati lake. Kila baada ya miezi michache lipime tena. Likipungua gramu 30 au 40, kusanya mabamba yaliyopungua, yakate, yeyusha kwa utaratibu uleule wa nyuzi 140, ukiopoa kwanza vipande vya alumini, na urudishe gramu za nta zilizopotea kabla ya kumimina.